Wakili wa saa nane usiku: historia ya utetezi, Brussels na kwetu

Baridi imeanza, na mvua ya huku mnaijua, haina masika wala vuli, inanyesha tu ikijisikia. Leo sitaongelea bei ya mchele pale Matonge. Nataka niongelee mawakili. Najua wengine mtaguna, maana kwetu wakili ni mtu wa kesi za mashamba na mirathi. Nivumilieni, mwishoni mtaona kwa nini jambo hili limenikaa rohoni miaka yote hii.

Nianze na kosa langu mwenyewe.

Wengi mnajua kwamba pamoja na kibarua changu cha mchana nimefanya ukalimani, Kiswahili na Kifaransa. Ilikuwa mwaka 2009. Nilipigiwa simu usiku, kuna kijana Mkongomani amekamatwa na begi lenye vitu vya wizi, Kifaransa chake ni cha kuombea maji. (Mambo madogo madogo nimeyabadilisha ili asitambulike.) Nikafika kituoni saa nane. Tulikuwa watu watatu chumbani: askari na kompyuta yake, kijana, na mimi. Wakili hakuwepo, na kwa sheria ya wakati ule hakutakiwa kuwepo.

Askari akauliza, begi umelipata wapi? Kijana akajibu, "Yaya alinipatia." Mimi ni mtu wa Tanga jamani. Kwetu yaya ni dada wa kazi anayelea watoto. Nikatafsiri bila wasiwasi: nimepewa na mfanyakazi wa nyumbani. Askari akaandika, kijana akasomewa, nikamtafsiria, akasaini kila ukurasa.

Baada ya mwezi na zaidi kidogo nikaitwa mahakamani kumkalimania kijana yule yule, yuko rumande bado. Mwendesha mashitaka akasema: huyu hana ukweli, polisi alisema begi kapewa na mfanyakazi wa nyumbani, leo anasema kapewa na kaka yake. Nilihisi damu imeniganda. Wiki chache nyuma, pale Chaussée de Wavre, nilikuwa nimemsikia mama mmoja wa Bukavu akimwita dada yake mkubwa, "Yaya! Yaya!" Kwa Wakongo yaya ni kaka au dada mkubwa! Nilisikia, nikacheka, nikapita, bila kuunganisha.

Nikamfuata wakili wake kwenye korido nikamweleza. Mama yule hakunigombeza. Aliandika, akaingia, akaomba iwekwe kwenye kumbukumbu, na kijana akaachiwa siku hiyo. Lakini alikuwa ameshakaa ndani mwezi mzima kwa neno moja. Wakati tunaagana yule wakili aliniambia, "Ningekuwepo usiku ule ningekuuliza huyo mfanyakazi ni nani."

Maneno hayo yalinifanya nianze kusoma. Kwa nini hakuwepo? Na angekuwepo, nani alikuwa amemfundisha kuuliza?

Haya, tuanzie kwenye jengo lenyewe. Waliofika Brussels wanaijua Palais de Justice, lile jumba kama mlima linaloangalia mtaa wa Marolles. Lilijengwa kuanzia 1866 hadi 1883, na msanifu wake Joseph Poelaert alifariki 1879 hajaliona limekamilika. Nyumba za maskini wa Marolles zilibomolewa kulipisha, na wazee wa mtaa wakaligeuza neno "architecte" kuwa tusi. Kwa miongo kadhaa limezungushiwa vyuma vya mafundi, mpaka watu wakatania kwamba vyuma vyenyewe navyo sasa vinahitaji ukarabati.

Miaka 6 kabla ya msingi wa jumba hilo, yaani 1860, Wafleminshi wawili, Jan Coucke na Pieter Goethals, walikatwa vichwa kule Charleroi kwa mauaji. Kesi yao iliendeshwa kwa Kifaransa. Wao walikuwa watu wa Kifleminshi waliokuja upande wa Wallonia kutafuta kazi. Wanahistoria wanabishana hadi leo ni kiasi gani walielewa au hawakuelewa. Lakini habari ilienea kwamba watu wamehukumiwa kufa kwa lugha isiyo yao, na hasira ile ilisaidia kuleta sheria ya tarehe 17 Agosti 1873 iliyoruhusu Kifleminshi katika kesi za jinai upande wa Flanders. Nilipoisoma habari hii nilimkumbuka yaya. Kumbe Wabelgiji wenyewe wanalijua donda hili, wao kwa wao!

Sasa mawakili wa zamani walijifunzaje kazi? Kijana akimaliza chuo kikuu alikwenda kuwa mwanagenzi kwa wakili mzee: anabeba mafaili, anasikiliza, siku moja anaachiwa kesi ndogo. Utaratibu huo upo mpaka leo, miaka 3 ya uanagenzi, na siku hizi kuna na madarasa na mitihani. Vijana walikuwa na vyama vyao vya kufanyia mazoezi ya kuzungumza na kuandaa mihadhara. Wale wa lugha ya Kifleminshi walianzisha chao, Vlaams Pleitgenootschap, mwaka 1891. Mwaka 1984 chama chenyewe cha mawakili wa Brussels kikagawanyika, Wafaransa kivyao na Wafleminshi kivyao. Ubelgiji hiyo!

Na kulikuwa na vitabu. Mwaka 1881 wakili Edmond Picard alianzisha hapa gazeti la kisheria, Journal des Tribunaux, ambalo bado linatoka. Wakili wa wilayani ambaye hana maktaba aliweza kusoma hukumu mpya na hoja zilizoshinda. Ni jambo kubwa, kwa sababu wakili anayetetea kwa sheria ya juzi ni hatari kuliko asiyekuwepo. Ila tusimpambe Picard kupita kiasi, maana huyo huyo aliandika mambo ya chuki dhidi ya Wayahudi, na alipotembelea Kongo alituandika sisi watu weusi kwa dharau.

Mlango wenyewe nao haukuwa wa kila mtu. Marie Popelin alikuwa mwanamke wa kwanza Ubelgiji kupata udaktari wa sheria, 1888. Alipokwenda kuapishwa, Mahakama ya Rufaa ya Brussels ikamkatalia kwa sababu ni mwanamke. Akakata rufaa, akashindwa 1889. Wanawake waliruhusiwa kuwa mawakili kwa sheria ya tarehe 7 Aprili 1922, na Popelin alikuwa ameshafariki tangu 1913. Yule mama aliyeniambia "ningekuuliza" alipita kwenye mlango ambao Popelin aliufia nje.

Sasa twendeni kwetu, maana wakati Brussels wanabishana nani awe wakili, kule kwenye koloni lao watu walikuwa wanahukumiwa bila wakili kabisa.

Mnamfahamu Simon Kimbangu. Mwaka 1921 alihubiri na kuponya watu kule Nkamba kwa miezi michache tu, wakoloni wakaingiwa na hofu. Akapelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi Thysville, mji ambao leo ni Mbanza-Ngungu. Hakuwa na wakili. Tarehe 3 Oktoba 1921 akahukumiwa kifo pamoja na viboko 120. Mfalme Albert wa Kwanza akabadilisha kifo kuwa kifungo cha maisha, na Kimbangu akasafirishwa hadi Elisabethville, yaani Lubumbashi, kwa Waswahili, mbali na watu wake. Alifia gerezani Oktoba 1951. Miaka 30! Mimi huwa najiuliza wakili mmoja tu, hata wa kiwango cha kawaida, angefanya nini pale Thysville. Pengine asingeshinda. Lakini angeuliza shahidi huyu aliona nini kwa macho yake, na kosa hili limeandikwa kwenye kifungu gani, na majibu yangebaki kwenye karatasi.

Ubelgiji ilipoondoka Kongo tarehe 30 Juni 1960, hakukuwa na Mkongo hata mmoja aliyekuwa wakili mwenye shahada ya sheria. Nchi kubwa namna ile! Msipoandaa watu mapema, siku ya shida mtawatoa wapi?

Siku ya shida kubwa kuliko zote ilifika kwa jirani, Rwanda, 1994. Baada ya mauaji ya kimbari majaji walikuwa wameuawa au wamekimbia, na baadhi yao walikuwa wenyewe ni watuhumiwa. Magereza yalijaa zaidi ya watu 100,000. Tarehe 30 Agosti 1996 ikapitishwa sheria maalumu ya kuwashitaki. Ilisema mshitakiwa ana haki ya wakili, ila serikali haitalipa. Jamani, wakili yupi? Kesi ya kwanza ilianza Kibungo tarehe 27 Desemba 1996, na washitakiwa wawili walihukumiwa kifo siku chache baadaye bila kutetewa na wakili yeyote. Chama cha mawakili cha Rwanda kiliundwa kwa sheria mwaka 1997, na mawakili walioanza nacho hawakufika 50. Piga hesabu mwenyewe.

Hapa ndipo Brussels inarudi. Mwaka 1992 mawakili wa hapa walikuwa wameanzisha shirika la Avocats Sans Frontières, kwa Kiswahili tuseme Mawakili Wasio na Mipaka. Kuanzia 1997 shirika hili lilipeleka Rwanda mawakili kutoka Ubelgiji na kwingineko Ulaya, pamoja na wengi kutoka Afrika Magharibi. Waliwatetea washitakiwa, na pia waliwasimamia manusura waliodai haki zao. Fikirini huo mtihani: wakili anatoka nyumba ya mjane leo, kesho anakwenda gerezani kuzungumza na anayetuhumiwa kumuua mume wa mjane mwingine. Shirika jingine la hapa hapa, RCN, lilifundisha mahakimu na wapelelezi, na Kituo cha Haki za Binadamu cha Denmark kikafundisha watetezi wa mahakama, watu wasio mawakili kamili, wanaopewa mafunzo ya muda ili wasimame pale ambapo hapana mtu.

Kuna waliokasirika, na hasira yao naielewa. Unamtetea muuaji wa kimbari? Manusura aliyepoteza watoto wote anamwona mtu mwenye joho anasema "mteja wangu". Lakini tarehe 24 Aprili 1998 watu 22 walipigwa risasi hadharani Rwanda, na baadhi yao walihukumiwa katika kesi ambazo mashirika ya haki za binadamu yalisema utetezi wake haukutosha. Kama katika hao 22 alikuwemo mmoja aliyesingiziwa, hakuna rufaa ya kumfufua. Na yule manusura naye anabaki na hukumu ambayo kesho mtu atakuja kuitilia shaka. Rwanda ilifuta adhabu ya kifo 2007.

Mwaka 2001 mambo yakaja hapa hapa, kwenye jumba la Poelaert. Kuanzia Aprili hadi tarehe 8 Juni, raia 12 wa kawaida walikaa Cour d'assises ya Brussels kusikiliza kesi ya Wanyarwanda wanne wa Butare: profesa Vincent Ntezimana, mkurugenzi wa kiwanda Alphonse Higaniro, na masista wawili wa Sovu, Gertrude na Maria Kisito. Wote walipatikana na hatia. Higaniro miaka 20, Sista Gertrude 15, wengine 12 kila mmoja. Kesi nyingine zikafuata, 2005, 2007, 2009, 2019 na hata baada ya hapo.

Ya 2007 inatuhusu Watanzania. Meja Bernard Ntuyahaga alijisalimisha Arusha 1998, mashitaka yakaondolewa 1999, kisha akashikiliwa Dar es Salaam miaka mingi huku Rwanda ikimtaka, mpaka 2004 alipopanda ndege kuja Ubelgiji. Brussels ikamfunga miaka 20 kwa mauaji ya wanajeshi 10 wa Kibelgiji.

Mawakili wa kesi hizi walilazimika kusoma upya: historia ya Rwanda, sheria za kimataifa, namna ya kumhoji shahidi aliyeona vitu visivyosemeka, na namna ya kufanya kazi na mkalimani. Hilo la mwisho wengi walilifundishwa na kazi yenyewe, kwa machungu.

Sasa turudi kwenye kile chumba cha saa nane usiku. Ajabu ni kwamba nchi iliyokuwa inapeleka mawakili Kigali haikuruhusu wakili kukaa na mtuhumiwa wake kituo cha polisi Brussels! Kilichobadilisha ni kijana wa Kituruki, Yusuf Salduz. Alikamatwa Izmir 2001 akiwa na miaka 17, akahojiwa bila wakili, na maelezo yale yakamfunga. Tarehe 27 Novemba 2008 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, Strasbourg, ikasema haki yake ilivunjwa. Angalieni tarehe: kijana wangu wa yaya alihojiwa 2009, hukumu ilishatoka, sheria ya Ubelgiji bado. Ilipitishwa tarehe 13 Agosti 2011 na kuanza kazi tarehe 1 Januari 2012. Mwaka 2016 ikapanuliwa. Huku kila mtu anaiita "Salduz", hadi askari: "Unataka Salduz?" Jina la mtu limekuwa jina la haki.

Namna inavyokwenda ni hivi. Ukikamatwa polisi wanaingiza ombi kwenye mfumo wa zamu za mawakili, simu inamwendea aliye zamu. Ana saa 2 za kufika. Anazungumza nawe faragha, kawaida dakika 30, halafu anakaa pembeni yako wakati wa mahojiano. Kwa asiye na uwezo serikali inalipa.

Sheria ikaleta shida mpya. Mawakili walikuwa wamezoea mafaili. Unasoma kurasa 200 ofisini na kahawa yako, unatafuta kosa, unaandika hoja. Chumba cha polisi hakina faili. Una dakika 30, mtu anatetemeka, hujui polisi wana ushahidi gani, na lazima uamue: aongee au anyamaze? Askari akiuliza swali la mtego unaingilia kati saa ngapi? Ukinyamaza mno wewe ni pambo, ukiongea mno unatolewa nje. Chuo kikuu hakikufundisha hayo.

Ndiyo maana vyama vya mawakili vilianza kuandaa mafunzo ya Salduz. Kati ya 2015 na 2017 vyuo vikuu kadhaa, kikiwemo cha Antwerp hapa Ubelgiji na cha Maastricht Uholanzi, vilitengeneza mafunzo ya mawakili kwa ajili ya chumba cha polisi hasa. Mafunzo yenyewe ni ya kuigiza: mmoja anakuwa mtuhumiwa, mwingine askari, mwingine wakili, kisha wenzako wanakwambia ulikosea wapi. Zaidi ya hayo mawakili wa hapa wanatakiwa kukusanya pointi za mafunzo, hata mzee wa mvi. Wapo wanaolalamika kwamba ni kupoteza muda, na wengine, nimeona kwa macho, wanakwenda kwa ajili ya mkate na jibini. Na sheria peke yake haikumaliza mambo: Novemba 2018 Strasbourg iliitia Ubelgiji hatiani katika kesi ya Philippe Beuze, aliyehojiwa bila wakili kabla ya mabadiliko haya.

Lakini mafunzo nimeyaona yakifanya kazi. Miaka michache baada ya sheria, usiku mwingine, kituo kingine. Wakili alikuwa kijana mdogo, mwanagenzi, nywele timutimu, nikasema leo tumepata mtoto. Kabla hajamuuliza mteja neno alinigeukia mimi: wewe Kiswahili chako cha wapi, na chake cha wapi, mnaelewana? Nikajibu ukweli, mimi wa pwani ya Tanzania, mama huyu wa Uvira. Akasema, "Basi neno likikutatiza usikisie. Niambie nisimamishe."

Na lilinitatiza. Nikainua mkono, mahojiano yakasimama, nikamuuliza mama maana yake, nikapata, tukaendelea. Sekunde 20. Askari wala hakukasirika. Tulipotoka nilimuuliza kijana yule nani alimfundisha lile swali. Akajibu, "Kwenye mafunzo." Kwake lilikuwa jambo dogo. Mimi nilisimama pale nje kusubiri basi la kwanza la alfajiri nikimfikiria mtu mmoja aliyekaa ndani mwezi.

Kwetu safari inaendelea. Kenya iliandika haki ya wakili katika kifungu cha 50 cha Katiba ya 2010 na ikatunga sheria ya msaada wa kisheria 2016. Tanzania tunayo yetu ya 2017, na tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, jambo ambalo wazee wa Charleroi wangelielewa vizuri. Kongo, mawakili wanasafiri na mahakama zinazotembea hadi vijijini Kivu. Yote mazuri. Lakini tukiishia kwenye karatasi tutakuwa kama Rwanda ya 1996: haki ipo, mwenye kuisimamia hayupo. Na tukiwa na wakili asiyefundishwa tena tangu aapishwe, atakaa kwenye kiti pale kituoni na yaya atapita mbele yake bila kumwona.

Wenye watoto wanaosoma sheria, Mzumbe, Mlimani, Makerere, Nairobi, Lubumbashi, waambieni hivi: jinai haina pesa kama kesi za makampuni, kweli. Lakini kuna mtu saa nane usiku mahali fulani anasaini kurasa asizozielewa. Na nyie wenzangu wakalimani, neno likiwatatiza, inueni mkono. Mimi sikuinua.

Haya, mvua imekatika, acha nikimbie dukani kabla hawajafunga. Tuonane tena panapo majaliwa.